Mayai Yaliyopasuka

Muuza mayai akipita mbele ya kibanda changu pale stendi ya Shelui, mimi nageuza uso. Siyo dharau, wala sina ugomvi na mtu anayetafuta ugali wake. Ni ile saa anapofunua ndoo. Mvuke unatoka, na ndani ya mvuke kuna ile harufu ya yai lililochemshwa likapitiliza, harufu nzito kama ya kiberiti kilicholowa, inakuingia puani mpaka unahisi iko kooni. Mate yananijaa. Siyo mate ya hamu, jamani. Ni yale mate ya mtu anayetafuta pa kutapikia.

Wenzangu wa mitumba wananicheka. "Eliza, nguo imevaliwa na mtu hata humjui, umeikumbatia kutwa nzima. Yai ndiyo linakutia kinyaa?" Nacheka nao, yanaisha. Huwezi kukaa stendi unamweleza kila mtu mambo ya kwenu. Ila ninyi mnaosoma nitawaambia, na nikianza kufoka mnivumilie. Mimi hasira zangu ziko karibu, ndivyo nilivyo, na kwenye hili sitaki kubadilika.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa chini wa barabara kuu, malori ukiyasikia yanavyopumua yakisimama. Mwenye mji alikuwa Bibi, mama yake baba yangu. Baba mwenyewe msimu wa alizeti hakukaa nyumbani, alikwenda Singida mjini kwenye mashine za kukamua mafuta, akirudi nguo zake zinanuka mashudu wiki nzima. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa Bibi, mama yangu, mimi, mdogo wangu Yona, na mbwa wetu Simba.

Na kuku. Kuku wa Bibi walikuwa wengi mpaka wageni walikuwa wanauliza. Walilala jikoni, walilala juu ya tela, walilala kwenye mti wa mwarobaini. Asubuhi mama alichemsha mayai kwenye sufuria kubwa nyeusi, Bibi amekaa kwenye kigoda anaangalia. Yakiiva, vijana wa stendi walikuja kuyachukua, wakakimbia nayo kwenye madirisha ya mabasi pamoja na chumvi na pilipili. Wasafiri wa kwenda Mwanza walikula. Wasafiri wa kwenda Dar walikula. Madereva walikula wakatupa maganda dirishani.

Sisi hatukula. Na wala siyo kwa uchoyo, msimwelewe Bibi vibaya. Ilikuwa sheria. Mwanamke mjamzito akila yai, mtoto anazaliwa hana nywele. Mtoto ambaye hajajua kusema akila yai, ulimi unafungika, anakuwa bubu. Mtoto wa kike mkubwa kama mimi akizoea mayai, kesho ataiba ya watu, keshokutwa nani atamuoa? Sasa yale yanayopasuka kwenye sufuria, ambayo ute umetoka nje umekuwa kama povu, hayauziki. Baba akiwepo anakula baba. Baba asipokuwepo, Bibi aliyaponda na ukoko wa ugali akampa Simba.

Mbwa yule alikuwa anang'aa. Nasema anang'aa! Manyoya yake ungedhani amepakwa mafuta.

Kitu kingine cha kwetu kilikuwa nyuma ya zizi. Pale palikuwa na kipande cha ardhi nzuri, nyeusi kwa samadi, lakini Bibi hakuruhusu kupanda chochote. Siyo alizeti, siyo maboga, hata mlenda ukijiotea wenyewe hakuna kuchuma. Mbuzi wakiingia anawatoa kwa fimbo na maneno makali ya Kinyiramba. Mimi nilidhani ni ukorofi wa uzee tu.

Yona alikuwa anatembea kwa kushika ukuta wakati mama alipopata mimba nyingine. Bibi alipoiona tu, akasema maziwa yameshaharibika, mtoto asinyonye tena. Siku ileile mama akapaka pilipili kwenye chuchu. Yona akaja mbio na ile furaha yake, akashika, akaonja. Sura aliyoifanya naikumbuka hadi leo, kama mtu aliyesalitiwa na serikali yake. Alilia mpaka sauti ikawa ya kuku. Akarudi tena, akaonja tena, akalia tena. Mama naye alikuwa analia, lakini amegeukia ukutani, kwa sababu mkamwana halii mbele ya mama mkwe kwa jambo ambalo mama mkwe ameliamua.

Bibi alimpenda Yona. Alimwita "mume wangu." Mimi aliniita "mke mwenzangu," na tulikuwa tunagombana kweli kama wake wenza, kila mtu anataka kumbeba. Kwa hiyo msidhani alimnyima. Alimpa kile alichoamini ndicho bora duniani: uji mweupe. Siyo wa mtama, siyo wa uwele, hivyo vilikuwa vya shida. Uji wa sembe iliyokobolewa mara mbili ikawa kama chokaa, na sukari nyingi, kama wa mgonjwa wa mjini. Asubuhi uji mweupe, mchana uji mweupe, jioni ugali mweupe na maji ya mlenda. Ule uji ukipoa unaweka ngozi juu. Bibi anaichota ile ngozi kwa kidole, anamlambisha Yona, "Kula mume wangu, hii ndiyo nyama yake." Leo bado naiona ile ngozi inavyoning'inia kwenye kidole.

Halafu Yona akanenepa.

Hapo ndipo ninapotaka kupiga mtu. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa, mikono ikawa na mikunjo. Watu wanapita wanasifu. "Bibi Yona, mjukuu amekubali sukari!" "Huyu akikua atafanya kazi ya kubeba magunia!" Bibi anatabasamu mpaka mwisho wa meno. Na mimi, mjinga, nilimbeba nikazunguka naye kuonyesha watoto wenzangu. Nilikuwa nasema, mdogo wenu ana mashavu kama haya?

Lakini unene ule haukuwa na furaha. Mtoto mnene anasumbua, anapiga sufuria, anavuta mkia wa mbwa. Yona alikaa tu. Nywele zikaanza kuwa kama nyuzi za mahindi, nyepesi, nyekundu, ukizishika zinabaki mkononi. Ngozi ya mapajani ikawa inang'aa vibaya, ikapasuka, ikabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, chini kubichi. Inzi wakamjua. Na ile harufu ya mtoto, mnaijua ile harufu nzuri ya shingoni? Iliondoka. Ikaja nyingine ya kidonda na kuhara. Mimi nilimpenda kuliko kitu chochote lakini nilikuwa nambeba nimebana pua, halafu najichukia, halafu nachukia dunia nzima.

Sifa zikakatika. Kikaja kimya, halafu likaja neno.

Amebemendwa.

Kama hukukulia kwetu, maana yake ni hivi: wazazi wakikutana kimwili wakati mtoto bado ananyonya, eti uchafu wao unampata mtoto, anaharibika. Na mama yangu tumbo lilikuwa mbele, kila mtu analiona, ushahidi anatembea nao. Nani angebisha? Bibi akamfungia Yona ndani. Akatafuta majani, akayachemsha, akawa anamwogesha asubuhi na jioni kwa maji ya kahawia yanayonuka kama beberu aliyelowa mvua, maji yale yanaingia kwenye vile vidonda, na Yona hata kulia hawezi, anatoa sauti kama mlango. Siku ya kupima watoto zahanati ilipofika, Bibi alisema hapana. "Mnataka wanawake wote wa Shelui wajipange foleni kuiangalia aibu yetu?" Mama akarudi kwenye sufuria yake. Alikuwa amekonda uso, viganja vimekuwa vyeupe kama vya mtu aliyekanda unga, akiinama kuchochea moto anashika ukuta kwanza. Siku nzima anachemsha mayai. Nani aliona kwamba na yeye anaisha? Hakuna.

Asubuhi moja nilitumwa maji. Bombani kulikuwa na Mama Salome, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mwenye kicheko cha kukohoa, na wenzake. Hawakuniona, nilikuwa nyuma ya pipa.

"Mwenye macho haambiwi tazama," anasema. "Tumbo hili hapa, mtoto yule kule ndani. Ungoje utangaziwe na redio?"

"Lakini jamani baridi ya Singida nayo," mwingine akadakia, "upepo ule wa mwezi wa sita, nani alale peke yake?"

"Angejifunika blanketi! Kamuua mtoto kwa starehe zake."

Wakacheka. Yule Mama Salome alicheka akainama kabisa, matone ya mate yakaruka kwenye ndoo yake.

Mimi sikujua kitu kuhusu starehe za watu wazima. Nilijua tu wanamsema mama yangu, mama ambaye hakuwahi kumsema mtu. Nilitoka nyuma ya pipa, nikaishika ile ndoo ya Mama Salome, nikaimwaga yote. "Hutaki kunywa maji uliyoyatemea mate," nikamwambia. Akanyanyua mkono. Nikakimbia, ila sikukimbilia kujificha. Nilikimbia nyumbani, Bibi yuko kwenye mayai, mama yuko kwenye shimo la taka anatupa majivu. Nikaingia ndani, nikamtoa Yona kwenye mkeka, nikamfunga mgongoni kwa kanga, nikatoka naye.

Niseme ukweli: sikuwa nampeleka hospitali. Akili hiyo sikuwa nayo. Nilitaka wamwone. Nilitaka wasimame mbele yake waseme tena yale waliyosema. Nikapita naye barabarani, mchana kweupe, miguu yake iliyovimba inaning'inia pembeni yangu kama mifuko ya maji, natukana kila ninayemwona. "Huyu hapa! Si mnamsema? Haya, mtazameni!" Watu wanafunika midomo. Simba ananifuata nyuma, anatingisha mkia, anadhani tunatembea.

Nilipofika stendi pumzi ilikuwa imeisha. Pale kulikuwa na nesi wa zahanati, yule anayewachoma watoto sindano, hajavaa sare, anasubiri mzigo wake kutoka kwenye basi. Akaniita. Hakuuliza mimi ni mtoto wa nani. Akamshusha Yona, akamkalisha kwenye gunia, akabonyeza mguu wake kwa dole gumba. Akaondoa kidole. Shimo likabaki.

Sote tulilitazama lile shimo. Halikujaa. Lilikaa pale kama mahali ulipobonyeza unga uliokandwa.

Bibi akafika, anahema, kanga imeanguka begani, ameshaambiwa na watoto wa mtaani. Nesi akamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba," Bibi anajibu huku anamvuta Yona. "Nipe mtoto wangu. Ugonjwa wake tunaujua."

"Mama, huyu hajabemendwa. Haya maji chini ya ngozi siyo unene. Huyu mtoto ana njaa."

Jamani. Nimeona watu wakitukanwa pale stendi matusi ya kila aina. Sijawahi kuona mtu anapigwa na neno kama Bibi alivyopigwa na lile.

"Njaa?" akasema. "Kwangu mimi? Nenda kaangalie ghala langu! Mahindi ya mwaka juzi bado yapo! Kuku, uliza mtu yeyote hapa, kuku wangu wana idadi? Njaa! Ungesema mchawi ningekuelewa."

"Ghala la mahindi mama nimelisikia. Mtoto anakula nini?"

"Uji. Mzuri. Na sukari."

"Na nini tena?"

Bibi akaipandisha kanga begani.

"Yai anakula?"

"Hajasema bado! Unataka awe bubu?"

"Karanga? Maharage? Maziwa?"

"Karanga ni za kuuza."

Nesi akatazama kile chombo cha mayai cha kijana wa stendi, mayai ya kwetu, ya moto. Akauliza, kwa sauti ya chini tu, "Na yale yanayopasuka, ambayo hayauziki, yanaliwa na nani?"

Mimi ndiye niliyejibu. Mdomo huu haukuanza jana. "Anakula Simba," nikasema, nikamwonyesha.

Watu wote wakageuka kumtazama mbwa. Amekaa kwenye vumbi, manyoya yanang'aa, masikio wima, anawatazama na yeye. Mama Salome alikuwepo, na kicheko chake hakikutoka. Harufu ya mayai ilikuwa imetufunika wote, na hapo nikatapika. Hapohapo, miguuni kwa nesi. Tangu siku hiyo ndiyo hivyo nilivyo.

Nesi akasema mtoto aende hospitali ya wilaya leo, siyo kesho. Bibi akasema haendi mtu. Ndipo mama akaja, mikono bado ina majivu. Alikuwa amesikia. Akamnyanyua Yona kutoka kwenye gunia, akajifunga kanga upya juu ya lile tumbo lake, akapiga goti kidogo mbele ya Bibi, adabu yake yote iko palepale.

"Mama, nisamehe," akasema. "Naenda."

Akapanda kwenye Noah ya abiria. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilimsikia akimpinga.

Walikaa kule muda mrefu. Nilidhani watamlisha nyama Yona mpaka apasuke, kumbe walianza na maziwa kidogo kidogo kwa kikombe, kwa sababu mwili uliokaa na njaa hauwezi kushtuliwa. Mama naye wakampima damu, wakakuta hana, wakambakisha na yeye. Yona alipungua kwanza. Maji yalipotoka tukaona kilichokuwa chini ya yale mashavu tuliyoyasifu: mifupa na macho. Aliporudi nyumbani alikuwa mdogo kama mtoto anayejifunza kukaa, lakini alimvuta Simba mkia. Nikajua amerudi.

Na Bibi? Kesho yake baada ya wao kurudi, asubuhi alitoa yai zuri, zima, akalimenya mwenyewe, akaliponda na chumvi, akamsogezea mama bakuli na kusema, "Mpe." Halafu akatoka nje. Sikumwona akiangalia. Na tangu siku hiyo yai moja lilikuwa la Yona, lingine la mama.

Yona alichelewa kusema. Wenzake wanaimba, yeye bado anaonyesha kwa kidole. Bibi akapata pa kusimamia: "Si niliwaambia? Yai hilo!" Alilisema hilo miaka na miaka, hata Yona alipokuwa anabishana mpira kwa sauti inayosikika barabara kuu. Mdogo wetu aliyekuwa tumboni alizaliwa na nywele mpaka kwenye paji la uso. Kwa hilo Bibi hakutoa maoni.

Mimi shule iliniishia darasa la saba. Mengine nimeyaokota mwenyewe, kwenye kadi za kliniki, kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani kwa nesi, kwenye simu, kwa kuuliza mpaka watu wananikimbia. Kila nilichojifunza kilinirudisha kwenye ule uji. Nimejifunza kwamba mtoto anaweza kushiba akafa njaa. Kwamba wale wa bombani walikuwa karibu na ukweli kama mtu aliye karibu na mlango, halafu anapiga kichwa ukutani: ni kweli mimba ile ilimdhuru Yona, lakini kwa sababu alinyang'anywa ziwa akapewa wanga mtupu, siyo kwa uchafu wa mtu. Yona leo ni kijana, ananifika hapa begani, na mimi mwenyewe si mrefu. Urefu ule haurudi. Nikiona mtu anamsifia mtoto "kanenepa," nambonyeza mtoto mguu kabla sijasalimia. Wameshanizoea.

Bibi sasa amezeeka kweli. Meno yameisha, miguu haimbebi. Ndugu wakija kumsalimia wanamletea soda na mkate mweupe na biskuti, wanapanga kitandani kama zawadi za harusi, wanapiga picha, wanaondoka. Yeye anachovya mkate kwenye soda, anameza, anasema ameshiba. Mikono imekuwa mifupa. Nikawafokea wote, shangazi zangu na waume zao, kwamba mlianza na uji mweupe kwa mtoto, mnamalizia na mkate mweupe kwa mzee, rangi ya kifo ni hiyohiyo moja. Wakaniita sina adabu. Sawa. Jioni nachukua mayai, nachemsha mwenyewe, nimefunga pua kwa kitenge, nayaponda na maziwa, namlisha.

Juzi alikuwa anakula polepole, anazungusha mdomoni kwa ufizi. Yona alipita nje anaongea na simu, kelele zake. Bibi akasikiliza.

"Kumbe ni tamu hivi," akasema. Nikacheka, nikadhani anatania. Halafu nikakumbuka kwamba sijawahi, tangu nimemjua, kumwona akila yai.

Akatazama dirishani, kule nyuma ya zizi, kwenye kile kipande kisichopandwa kitu.

"Wale wangu wanaolala pale, waliomtangulia baba yako," akasema. "Na wao walinenepa kwanza. Nilisifiwa sana, mke mwenzangu. Halafu wakaniambia nimewabemenda." Akatafuna ufizi mtupu. "Na kuku nilikuwa nao. Hata wakati ule nilikuwa na kuku wengi."

Miaka yote nilijua Bibi alikasirika stendi kwa sababu ya jina la mji wake. Kumbe nesi alipobonyeza ule mguu, Bibi aliliona shimo lile akalijua, alishawahi kuliona. Alikuwa amebeba aibu ya kitandani tangu ujana wake, akaizoea, na pale mbele ya watu akaambiwa aitue, abebe nyingine nzito kuliko ile. Na bado Yona aliporudi alilimenya lile yai.

Kwa hiyo asije mtu akamsema Bibi yangu. Mimi nitamsema, mimi nina haki. Mwingine akithubutu, ndoo za maji bado naweza kumwaga.

Bibi akafungua mdomo, kama kinda. Nikavua kile kitenge puani. Harufu ikanipanda yote, mpaka machozi yakanitoka, nikameza mate yangu, nikammenyea lingine.